Je, krauni ya bima ni duni? Jibu kwa mwalimu wa Mafinga

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mafinga. Mwezi wa nane nilikuwa nakula wali nikang'ata jiwe, gego la chini kulia likameguka kipande kikubwa. Kliniki moja ya Iringa wamenitibu mzizi, na sasa wanasema lazima niweke krauni. Bima ya mume wangu, anayefanya kazi kwenye kiwanda cha mbao, inalipia krauni ya chuma kilichopakwa kauri, na mimi naongeza kidogo. Lakini kliniki hiyohiyo inasema nikitoa taslimu laki sita na nusu nitawekewa ya zirkonia, kauri ngumu isiyo na chuma, "ile nzuri". Kliniki nyingine iko Mbeya, hao wanataka laki mbili na nusu tu. Fedha ya meno kwenye bima imebaki kidogo mwaka huu, mkataba unaanza upya Januari. Shoga yangu aliwekewa krauni kwa bima, ikatoka baada ya miezi saba. Je, ni kweli krauni za bima ni duni? Au madaktari wakiona kadi wanatufanyia tu ilimradi?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Pole kwa jino, na pole kwa kuzungushwa na bei tatu za kitu ambacho ukikitazama mezani kinafanana.

Nianze na shoga yako, maana naona hofu imeanzia kwake. Krauni, hiyo kofia ya jino, ikitoka baada ya miezi saba, mara nyingi kosa si la chuma chake. Ama jino lilichongwa likawa fupi mno, ama lilichongwa umbo la pia, pana chini na kuchongoka juu, kofia ikakosa pa kushika. Au jino lenyewe lilikuwa limebaki kisiki tangu mwanzo. Au kofia haikuketi sawasawa, simenti ikawekwa kuziba nafasi ambayo haikutakiwa iwepo. Mambo haya yote hayana mstari kwenye fomu ya bima. Fomu ina mstari mmoja: krauni, moja, bei fulani. Ndani ya bei hiyo wamo ganzi, glavu, vifaa vya kuchukulia kipimo (yaani umbo la jino lako), nauli ya kupeleka kazi maabara, fundi wa maabara, na muda wa daktari. Fundi hapunguzi bei yake kwa sababu mgonjwa ana kadi. Glavu nazo zina bei ileile. Kwa hiyo bei ya bima ikiwa ndogo, vinavyoweza kubanwa ni viwili: muda na kipimo. Na hivyo viwili ndivyo vinavyoamua krauni itakaa miaka kumi au miezi saba.

Jibu langu kwa swali lako basi ni hili: bima haiwezi kuifanya kauri yako iwe mbaya, ila inaweza kuharakisha mikono iliyoiweka.

Usidhani nasema wenzangu hawana utu. Uingereza jambo hili liliwahi kuonekana kwa nchi nzima. Mwaka 2006 huduma yao ya afya ya umma ilibadili malipo ya madaktari wa meno wa England. Badala ya kila kazi kuwa na bei yake, kazi ziliwekwa kwenye mafungu matatu, na krauni moja au tatu katika duru moja ya matibabu zikawa na malipo sawa. Kamati ya Afya ya Bunge lao ikachunguza, na ripoti yake ya mwaka 2008 ikaonyesha kwamba kazi zinazohitaji maabara zilishuka kwa asilimia 50 katika mwaka wa kwanza wa utaratibu ule. Kutibu mizizi kulikuwa kumeshuka kwa asilimia 45 tangu mwaka 2004, na kung'oa kukaongezeka. Meno ya Waingereza hayakubadilika mwaka ule, na madaktari wengi walikuwa walewale. Kilichobadilika ni malipo, na mikono ikafuata malipo. Marekani nako bima nyingi za meno zina kikomo cha mwaka cha dola 1,000 hadi 2,000, hulipa kama nusu tu ya krauni, na nyingi zina kifungu kinachosema zitalipia ile kazi ya bei ndogo inayotosha. Mkataba wa mume wako unaolipia chuma na kauri lakini haulipii zirkonia unafuata mkondo huohuo. Mwombe mumeo akuletee kile kitabu cha mafao kutoka ofisi ya utumishi ukisome mwenyewe, hasa ukurasa wa meno. Kuna mikataba inayohesabu krauni kama urembo na kuna inayoihesabu kama matibabu, na maneno yanayotenganisha hayo mawili huwa machache.

Sasa nije kwenye kipimo, maana hapo ndipo sisi wa nyanda za juu tunaumia kuliko wagonjwa wa Dar es Salaam.

Utakumbuka, au utaona siku hiyo, daktari akijaza kisahani kitu laini kama uji mzito na kukubandika mdomoni kwa dakika kadhaa. Kikigandamana anakitoa, na ndani yake kunabaki umbo la jino lako. Fundi wa maabara hatakuona wewe wala mdomo wako. Ataona umbo hilo tu. Kuna vitu viwili vinavyotumika sana. Cha kwanza ni aljineti, unga unaokorogwa na maji. Ni rahisi, na kwa kazi nyingi kinafaa kabisa. Lakini sehemu yake kubwa ni maji, kwa hiyo kikikaa hewani kinasinyaa, na ukikifunga kwenye pamba iliyolowa kupita kiasi kinakunywa maji na kuvimba. Kinatakiwa kimiminiwe jasi ndani ya dakika chache, palepale kliniki. Cha pili ni silikoni. Silikoni nzuri hukaa siku kadhaa, hata wiki na zaidi, bila kubadili umbo, lakini bei yake ni kubwa kuliko aljineti mara nyingi tu.

Kazi nyingi za krauni kutoka huku hupelekwa maabara za Dar es Salaam. Kutoka Mbeya ni zaidi ya kilometa 800. Kipimo hufungwa kwenye boksi, huandikwa namba ya simu, hukabidhiwa kondakta, na hupita Makambako kwenye baridi na kuteremka Ruaha Mbuyuni kwenye joto. Kama ndani ya boksi kuna silikoni, au kuna jasi iliyokwisha kukauka, fundi anapokea jino lako. Kama kuna aljineti iliyofungwa kwa pamba, anapokea jino linalofanana na lako.

Nayasema haya kwa sababu niliyafanya. Mwaka wangu wa pili kazini, katika kliniki moja ya mkoa huu wa Mbeya, ndivyo tulivyokuwa tukipeleka vipimo stendi. Malipo ya kadi hayakutosha silikoni, tukaambiwa aljineti itatosha. Mama mmoja kutoka Tukuyu krauni yake ilirudi baada ya wiki mbili, haikuketi. Nikaisaga kwa ndani hadi ikaketi. Ncha ya chombo ilipopita ukingoni iliingia kwenye nafasi, nikaijua, nikaijaza simenti kwa sababu kuchukua kipimo upya kulimaanisha kumlipa fundi mara mbili kwa malipo ya mara moja. Baada ya mwaka na nusu alirudi na jino limeoza lote chini ya kofia, laini kama parachichi lililoiva. Kofia yenyewe haikuwa na hata mkwaruzo. Nililing'oa mimi mwenyewe jino lile, na bima yake haikulipa krauni ya pili, kwa kuwa kwenye kumbukumbu zao ya kwanza ilikuwa bado ni mpya.

Nafasi ile haikuwa kubwa kwa macho. Watafiti wawili, McLean na von Fraunhofer, waliandika mwaka 1971 kwamba nafasi kati ya kofia na jino ikizidi mikroni 120 haikubaliki, na hadi leo wengi wetu tunatumia kipimo hicho. Mikroni 120 ni milimita 0.12, unene wa nywele mbili nyembamba zikilazwa pamoja. Simenti iliyo kwenye nafasi kubwa zaidi ya hapo huliwa na mate kidogo kidogo, bakteria wakapata chumba. Na kwa kuwa jino lako limetibiwa mzizi, halitauma likioza. Hutajua mpaka kofia ianguke.

Ndiyo maana, mwalimu, kabla ya kuuliza zirkonia au chuma, piga simu kliniki zote mbili uulize hivi: kipimo changu mtachukua kwa kitu gani, na kama ni aljineti, jasi inamiminwa hapohapo? Kisha iulize ile ya Iringa swali la pili: nikilipa taslimu badala ya bima, ni kipimo kilekile, fundi yuleyule, na mahudhurio yaleyale? Wakisema ndiyo, basi laki sita na nusu ni bei ya kauri tu, na nitakueleza hapa chini kwa nini kwa gego lako huenda usihitaji kuilipa. Wakisema wa taslimu hupata silikoni na wa bima hupata aljineti, umeshapata jibu la swali uliloniletea. Hapo waombe wakuchukulie silikoni, uulize kama bima yako inaruhusu kulipia tofauti hiyo kwa risiti. Ni fedha ndogo sana ukilinganisha na zirkonia, na itakulinda zaidi.

Baadhi ya kliniki siku hizi hupiga picha ya jino kwa kamera ya mdomoni na kuituma maabara kwa intaneti. Ukiikuta, ni njia nzuri, inaondoa habari ya basi.

Kuna jambo moja linalotangulia hata kipimo. Hukuniambia jino limebaki kiasi gani. Ili kofia ishike, jino zima, si kizibo, linatakiwa lisimame juu ya fizi kama pete ya milimita 2 hivi kuzunguka pande zote, na kofia iikumbatie pete hiyo. Milimita moja na nusu tunaweza kuivumilia. Jiwe la mchele mara nyingi hupasua kwa ukali na kushuka chini ya fizi upande mmoja. Kama upande huo hauna pete, hakuna bei itakayolishikilia, iwe ya bima au ya taslimu. Muulize daktari kwa maneno hayahaya: nimebaki na milimita ngapi za jino zima juu ya fizi? Kama jibu ni sifuri kwa pande mbili tatu, heri aseme ukweli kwamba huenda jino likahitaji kukatwa fizi kwanza au kung'olewa, kuliko kukuuzia kofia ya kuvaa kisiki.

Wengine wataniuliza kama krauni ni lazima hasa. Kwa gego lililotibiwa mzizi na kupoteza kipande kikubwa, ndiyo. Aquilino na Caplan waliochapisha utafiti wao Marekani mwaka 2002 waliona kuwa meno yaliyotibiwa mzizi bila kufunikwa yalipotea kwa kasi mara 6 ya yale yaliyowekewa krauni. Jino lililotobolewa katikati hupasuka kama kuni yenye ufa. Daktari aliyekwambia uweke krauni hakukutafutia fedha.

Sasa kofia zenyewe. Ya chuma kilichopakwa kauri ndiyo iliyozoeleka miaka mingi duniani, na uzoefu wake ni mzuri: zikiwekwa vizuri, zaidi ya 9 kati ya 10 huwa bado zinafanya kazi baada ya miaka 5. Udhaifu wake ni kwamba kauri iliyopakwa juu inaweza kumeguka, na inahitaji jino lichongwe zaidi, milimita 1.5 hadi 2 upande wa kutafunia, ili ipate nafasi ya chuma na kauri pamoja. Zirkonia ya kipande kimoja, isiyopakwa kitu juu, ni ngumu sana na haimeguki ovyo, na inaridhika na jino kuchongwa kidogo zaidi ya milimita moja. Ni nzuri kweli, simpingi aliyekwambia. Lakini kwenye jino fupi simenti ya kawaida huishika kwa shida, na sehemu iliyosagwa na kuachwa bila kung'arishwa hula jino la juu linalokutana nayo. Zirkonia iliyotengenezwa juu ya kipimo kibaya ni kofia ghali isiyoketi.

Ipo ya tatu ambayo hakuna aliyekutajia: ya chuma kitupu. Kwa gego la nyuma kabisa mimi huipendekeza bila kusita kwa mgonjwa asiyejali rangi. Inataka jino lichongwe kidogo kuliko zote, haina kauri ya kumeguka, na ukingo wake unaweza kufanywa mwembamba na kukaa vizuri. Ukicheka darasani watoto hawataiona. Tatizo ni kwamba kliniki haziitaji kwa kuwa wagonjwa wengi huikataa kabla hawajasikia sababu, na bei yake ni ndogo. Kama fedha ni kikwazo na jino lako ni la mwisho au la pili kutoka mwisho, iulizie. Ila kwanza jichunguze: hereni za bei nafuu huwa zinakuwasha masikio au kukutoa vipele? Kama ndiyo, mwambie daktari, maana vyuma vingi vya bei ndogo vina nikeli, hata kile kinachokaa chini ya kauri ya bima. Kipo cha kobalti na kromiamu kisicho na nikeli.

Kuhusu ile ya laki mbili na nusu ya hapa Mbeya, bei ndogo peke yake si dhambi. Kliniki inaweza kuwa na pango la chini au fundi wake wa karibu, na fundi wa karibu ni faida kubwa kwa sababu nilizokwisha kuzieleza. Lakini waulize imetengenezwa kwa nini. Ikiwa ni plastiki ngumu, ambayo wengine huiita akriliki, hiyo ni kofia ya muda ya kusubiria ya kudumu. Gegoni itachakaa na kupasuka. Pia waulize ni mahudhurio mangapi. Kuchonga gego moja vizuri na kulichukulia kipimo kunanichukua saa nzima, wakati mwingine zaidi, halafu siku nyingine ya kuvalisha. Anayekuahidi kuchonga na kuvalisha siku moja bila mashine ya kutengeneza krauni hapohapo kliniki, mwache.

Nikirudi kwenye kalenda, una bahati kwamba mkataba unaanza upya Januari. Usilipie krauni kwa fedha iliyobaki mwaka huu kisha ujazie mfukoni. Tumia iliyobaki kulijenga jino: daktari apunguze kidogo vile vilele vya kutafunia na kulifunika lote kwa kizibo kigumu cha kudumu, si kile cheupe laini cha muda. Januari omba kibali cha krauni mapema, wiki ya kwanza, kwani vibali huchukua muda. Miezi miwili namna hiyo haidhuru. Ninachokataa ni watu kukaa mwaka mzima na kizibo cha muda wakisubiri kibali. Mate yakipenya hadi kwenye mzizi, kazi yote ya Iringa inaanza upya, na hiyo nayo ina kikomo chake kwenye bima.

Siku ya kuvalishwa, kabla simenti haijakorogwa, omba kofia ijaribiwe kavu. Ung'ate karatasi ya rangi na daktari aangalie. Ikiwa juu, ukiona meno mengine hayakutani, sema. Ukiambiwa "utazoea", kataa kwa upole, isagwe kwanza. Uzi wa meno upitishwe pande zote mbili: unatakiwa upite kwa kukaza kidogo, usikwame, usilegee. Omba picha ya eksirei ya ukingo kama mashine ipo. Ikionyesha nafasi, mgonjwa ana haki ya kusema chukueni kipimo upya, awe na kadi au awe na noti. Kusema hivyo kabla ya simenti hakumgharimu mtu jino. Baada ya simenti kofia hukatwa vipande ndiyo itoke.

Hadi Januari tafunia kushoto. Mahindi ya kuchoma, bisi na miwa viache kabisa upande wa kulia, na mchele wa Usangu upepete mara mbili na kuuchambua mchana kwenye mwanga. Kizibo kikianguka au kikichezacheza, usisubiri mwisho wa mwezi. Panda gari ya Iringa siku hiyohiyo.